Vespa PX 150 imefungwa upya: isisukumwe, ianze kwa kiki

Mkuu, umesema Vespa PX 150 ya 1984 aliyokuachia baba mdogo imeshafungwa injini pale gereji Ilala: silinda imechongwa, pistoni ni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali), beringi na sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zote mpya. Unauliza iwashwe vipi kwa mara ya kwanza, na kwamba fundi anataka Jumamosi vijana waisukume barabarani ikiwa gia ya pili mpaka ishike. Nimefunga injini za Vespa zangu na za jamaa kwa miaka mingi, nyingine hapa Magomeni, nyingine nikiwa Unguja ambako Vespa bado ni usafiri wa kawaida kabisa. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu dakika za kwanza za injini mpya ndizo zinazoamua kama hela yako imekaa au imepotea.

Isisukumwe. Hilo mwambie fundi kwa heshima, lakini usilegeze. Kiki inakupa taarifa kupitia mguu: kompresheni ikoje, kuna kitu kinagusa ndani, kuna mahali pazito kila mzunguko. Ukisukuma, tairi la nyuma linaizungusha injini kwa nguvu, itake isitake. Kama ncha ya ringi imenasa kwenye tundu la silinda, au magineto (gurudumu lenye sumaku linalozalisha umeme) inasugua koili, mguu ungekuonya. Tairi halionyi, linavunja. Halafu injini ya kusukumwa ikishika hushika ghafla, aliye juu anavuta mafuta kwa furaha, wenzake wapo nyuma wanashangilia, na hakuna hata mmoja anayeisikiliza.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni hili: kabla hujajua itawakaje, hakikisha unajua itazimwaje.

Injini ya mipigo miwili inapata oili yake ndani ya petroli. Ikiwa inavuta hewa mahali pasipotakiwa, kwa mfano kwenye sili ya upande wa magineto, gasketi ya chini ya silinda, au chini ya kabureta, hewa inazidi na petroli inapungua. Mzunguko unapanda wenyewe hata kama umeachia mafuta. Joto linapanda wakati huohuo oili inapungua, na pistoni mpya ambayo bado inabana ndiyo ya kwanza kukamata. Niliwahi kushuhudia moja hivi. Injini ilifungwa vizuri, lakini waya wa kuzimia haukuwa umeunganishwa kwa sababu swichi ilikuwa bado mezani. Ikawaka, ikapanda, ikalia mpaka majirani wakatoka nje. Watu wakafunga koki ya petroli wakasimama kusubiri, kumbe kabureta bado ina petroli ya kutosha kuiendesha. Ilipozimika, pistoni ilikuwa imeshachubuka upande wa eksozi.

Kwa hiyo andaa njia mbili za kuzima. Ya kwanza ni waya wa kijani. Kwenye PX yenye moto wa elektroniki, waya huo ukigusa bodi, yaani chuma cha Vespa yenyewe, moto wa plagi unakatika. Ujaribu kabla ya kuweka petroli: toa plagi, ivalishe kofia yake, ilaze iguse silinda hedi vizuri, piga kiki, uone moto wa buluu wenye nguvu. Sasa zima swichi, piga tena. Moto ukiendelea kuonekana, usiendelee na lolote mpaka uzime. Na usipige kiki kofia ya plagi ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa bodi, boksi la CDI, lile linalotengeneza moto wa plagi, linaweza kufa.

Njia ya pili ni mtu. Aliyekalia Vespa awe anajua kwamba ikipanda yenyewe, anabana klachi, anaingiza gia ya tatu au ya nne, anakanyaga breki kwa nguvu zote, anaachia klachi. Injini itakufa hapohapo. Mweleze kabla, siyo wakati inalia.

Wakati unashughulikia moto wa plagi, angalia na bodi yenyewe. Naona umesema kesi ya injini imepigwa rangi. Rangi nzuri inapendeza, lakini rangi ikikaa chini ya sahani ya koili au pale CDI inapofungwa, umeme hauna njia ya kurudi. Kwangua sehemu hizo mpaka chuma kionekane. Pia nyaya zinazotoka kwenye koili za Vespa ya umri huo huwa mpira wake umekauka, ukizikunja unapukutika, na joto na chumvi ya hewa ya pwani vinaharakisha. Kama fundi hakuzibadilisha, zibadilishwe sasa, maana kuzifikia baadaye ni kutoa tena magineto. Na magineto ikirudi, koni ya krenki (ncha ya shafti inapokaa magineto) iwe kavu na safi kabisa bila grisi. Ule ufunguo mdogo ni wa kuonyesha mahali tu, kinachoshika ni koni, na nati ikazwe kwa spana ya torki, Nm 60 hadi 65.

Nirudi kwenye hewa, kwa sababu usikubali injini iliyofungwa upya iwashwe bila kupimwa uvujaji. Huhitaji kifaa cha bei mbaya. Nenda maduka ya vifaa vya hospitali, nunua kipimo cha presha cha mkono, kile chenye mpira wa kubonyeza na saa yenye mshale. Kinaishia 300 (milimita za zebaki), na hiyo ni karibu sawa na bar 0.4, presha inayotosha kupima bila kuzitoa sili mahali pake. Toa kabureta, ziba kitako chake kwa bati nene na kipande cha tyubu. Ziba tundu la eksozi hivyohivyo. Tafuta plagi ya zamani, itobolewe katikati na kuchomelewa kijibomba, uifunge kwenye hedi na kuvalisha mpira wa kipimo. Shusha pistoni mpaka chini kabisa ili silinda na kesi viwe chumba kimoja. Pampu mpaka mshale ufike 300, kisha subiri dakika kadhaa.

Mshale ukitulia, lala usingizi mzuri. Ukishuka, pakaza maji ya sabuni: chini ya silinda, kwenye hedi, maungio ya kesi, na sili ya magineto ikiwa magineto haijafungwa. Usipoona povu popote nje, pakaza kwenye tundu la kujazia oili ya gia. Povu likitoka hapo, sili ya upande wa klachi ndiyo inayopitisha. Hii ya mwisho ni ya hila, kwa sababu injini itawaka na kutembea, lakini itakuwa inanyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe usioisha, na wewe utahangaika na kabureta wiki nzima.

Kabureta yenyewe, SI 20/20, ina tatizo moja ambalo watu hawalitazami. Nati mbili zinazoishikilia ndani ya boksi lake zikikazwa kupita kiasi, kabureta inapinda kidogo na slaidi, ile inayofunguka ukivuta mafuta, inaanza kunata. Unavuta mafuta, hairudi. Fikiria hilo litokee kwenye kiki ya kwanza. Kwa hiyo vuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, uachie: lazima usikie slaidi inarudi na kugonga chini. Rudia huku usukani ukiwa umekatwa kushoto, halafu kulia, maana kebo fupi nayo inavuta. Skrubu ya mchanganyiko iliyo nyuma ifunge taratibu mpaka ikae, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia, utarekebisha injini ikishapata moto. Filta ya hewa iwepo. Ukiitoa, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), ndiyo maana simkubalii fundi anayesema tuwashe kwanza bila filta tuone.

Oili ya gia: ml 250, SAE 30 ya kawaida, jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu. Usikubali oili nzito ya difu ya gari, kwa sababu klachi ya Vespa inaogelea humohumo.

Petroli sasa. Umesema fundi ameshauri ml 250 za oili kwa lita 5 kwa kuwa injini ni mpya. Kiasi hicho, asilimia 5, ni cha Vespa za zamani sana. Yako ni asilimia 2, yaani ml 100 kwa lita 5, kwa oili nzuri ya tu-stroki. Kama roho haitulii, tanki la kwanza weka asilimia 3, usizidi. Oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli kwenye jeti (kijitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta), mchanganyiko unakuwa mkavu na joto linaongezeka, na hapo umefanya kinyume cha ulichokusudia. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine. Kama PX yako ni ile yenye tanki dogo la oili na kioo cha kuangalia kiasi, bado tanki la kwanza la petroli lichanganywe kwa mkono mpaka uhakikishe kwamba pampu inasukuma oili na mpira wake hauna hewa. Na kabla ya yote kagua ndani ya tanki kwa tochi. Vespa iliyokaa miaka Dar bila petroli huwa na kutu, na kutu hiyo inaenda moja kwa moja kwenye jeti.

Siku yenyewe, toka nje uwanjani, siyo ndani ya stoo, moshi wake unaua. Weka ndoo ya mchanga karibu. Jiko la mkaa la mama ntilie na sigara vikae mbali. Zuia mashabiki, unahitaji masikio.

Plagi ikiwa nje, dondoshea oili ya tu-stroki kidogo sana ndani ya silinda, zungusha magineto kwa mkono mizunguko kadhaa, kisha piga kiki taratibu. Panapogoma, simama ujue sababu. Rudisha plagi mpya yenye pengo la milimita 0.6. Hakikisha kava la silinda na la magineto yamefungwa, kwa sababu ndiyo yanayopeleka hewa ya kupoza kwenye silinda. Fungua koki, subiri kabureta ijae, vuta choki, mkono wa mafuta usiuguse. Piga kiki kwa mguu ulionyooka, mpigo mzima.

Huenda isishike mara moja, usihamaki. Ikikataa kabisa toa plagi uitazame. Ikiwa imelowa, funga koki, piga kiki plagi ikiwa nje na imegusa bodi mbali na tundu lake, ikaushe, rudia bila choki. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikijibu kwa kurudisha mguu au kupiga mshindo kwenye kabureta, taimingi (wakati plagi inapotoa moto) siyo, irudiwe kabla hujaumia kifundo.

Ikishika, sikiliza. Moshi mwingi wa mwanzo ni oili ya kufungia, wacha uishe. Rudisha choki mara inapojitegemea, kisha achia mafuta kabisa. Mzunguko ukishuka na kukaa sailensa (mzunguko wa chini bila kuvuta mafuta), mshukuru Mungu. Ukibaki juu au ukapanda, zima mara moja, na usidanganyike kushusha skrubu ya sailensa ili kuficha. Hiyo ni hewa, urudi kwenye sabuni na kipimo cha presha.

Iendeshe dakika mbili tatu ukicheza na mafuta kidogo kidogo, zima, iache ipoe mpaka unaweza kuishika. Ikishapoa kabisa, kaza tena nati za hedi kwa msalaba, kwa torki ya kitabu cha modeli yako. Washa tena, na sasa pima taimingi kwa taa: kwa PX 150 ya elektroniki ni nyuzi 18 kabla pistoni haijafika juu.

Kutembea, anza Jumapili alfajiri kabla ya joto na foleni. Usiipeleke Morogoro Road saa za jioni ikakae kwenye jam hadi Kimara. Mimi huvuka daraja la Kigamboni, barabara ya kule haina milima na unaweza kubadilisha mwendo upendavyo. Kilomita 500 za kwanza usibebe mtu, usivute mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu, wala usiilazimishe gia kubwa kwenye mwendo mdogo. Kwenye mteremko usiachie mafuta ukaiacha injini ikushike, kwa sababu mafuta yakifungwa na oili nayo imefungwa. Bana klachi au vuta mafuta kidogo kila mara. Baada ya safari ya kwanza toa plagi: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kabureta iko sawa; nyeupe, simamisha matembezi utafute hewa au jeti; nyeusi iliyolowa, punguza petroli.

Ukifika hizo 500 mwaga oili ya gia uinuse. Ikinuka petroli, sili ya klachi inapitisha, usiisubiri mpaka ianze moshi.

Kabla ya Jumamosi weka hapa picha mbili: nyaya zinapotoka kwenye kesi, na pale CDI ilipofungwa. Na umuulize fundi kama alipima uvujaji. Akisema hakupima, ahirisheni.