Siri ya nyumba inamlinda nani? Majibu kwa maswali yenu

Tangu niandike kuhusu wazazi wanaowatendea uhalifu watu wa nyumbani mwao wenyewe, maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Wanaotaka kujua ni pepo gani humwingia mzazi wa namna hiyo nimewaacha. Katika kesi nilizozifuatilia sijaona pepo. Nimeona mtu anayepanga, siku baada ya siku, miaka na miaka.

Dada, nina miaka 24. Baba anashika vitambulisho vyetu vyote, mshahara wangu unaingia kwake, na kila usiku anakagua simu ya mama. Lakini hajawahi kumpiga mtu. Si ndiyo malezi tu?

Hapana, mdogo wangu. Malezi yana mwisho. Mzazi anayelea hulegeza kamba kidogo kidogo mpaka siku mwanawe atakapoishika mwenyewe. Mzazi mtawala huikaza zaidi kadiri mtoto anavyokua, kwa sababu anachoogopa ni huko kukua kwenyewe. Uliyoyataja ni mambo matatu: kitambulisho, pesa na simu. Mwenye kuyashika yote matatu hana haja ya kufunga mlango kwa kufuli.

Uingereza na Wales walichelewa kulielewa hili, lakini mwishowe walilielewa. Tangu tarehe 29 Desemba 2015, kumtawala mwenzi au mtu wa familia kwa vitisho na ubanaji wa mara kwa mara ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, hata pasipo kofi hata moja. Nchi nyingi hazina sheria kama hiyo. Hata hivyo, kuchukua mshahara wa mtu mzima bila ridhaa yake na kumtishia akiudai ni makosa yaliyokuwepo hata kabla babu zetu hawajazaliwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaita kwa majina yao yanapotendwa na baba.

Anza na jambo moja: fungua akaunti yako mwenyewe, na usimwambie mtu nyumbani.

Mtoto ana miaka ishirini na kitu, ana miguu, ana akili. Kwa nini asikimbie?

Swali hili limenifikia mara kumi na zaidi, na wengi waliolituma wameliandika kwa kejeli. Nalijibu leo kwa mara ya mwisho.

Huko Perris, California, David na Louise Turpin walikuwa na watoto 13, wa kati ya miaka 2 na 29. Walinyimwa chakula, na baadhi yao walifungwa kitandani kwa minyororo. Mkubwa wao, mwanamke wa miaka 29, alikuwa na uzito wa kilo 37. Polisi walipoingia, waliwadhania baadhi ya hao watu wazima kuwa watoto wadogo. Januari 2018 binti wa miaka 17 alitoka kwa dirisha na kupiga simu ya dharura. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba watoto wale walikuwa wameupanga mpango huo kwa zaidi ya miaka miwili. Ndugu yake aliyetoka naye dirishani aliingiwa na hofu akarudi ndani.

Ulizeni basi alirudi kwa nini. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba nje kuna mauti na ndani kuna baba, miguu yake haimsaidii. Njaa nayo huondoa nguvu ya kupanga. Na wadogo wanaobaki nyuma ni mateka: ukitoroka wewe, adhabu wanaibeba wao. Anayeuliza kwa nini hawakukimbia amwulize kwanza aliyewafungia.

Je, mke wa Josef Fritzl, yule wa Austria aliyemfungia binti yake, alijua?

Polisi wa Austria walichunguza, na hakushtakiwa. Sitaongeza neno juu yake.

Ila nashangaa kwamba mnauliza juu ya mke tu. Fritzl alimfungia binti yake chini ya nyumba mwaka 1984 akiwa na miaka 18, akamtoa 2008. Akamzalisha watoto 7. Mmoja alifariki muda mfupi baada ya kuzaliwa, na watatu walipelekwa juu kulelewa, kwa maelezo kwamba mama yao aliyetorokea kwenye kundi la kidini ndiye aliyewaacha mlangoni. Barua za kuthibitisha uongo huo binti alilazimishwa kuziandika kwa mkono wake. Maofisa wa ustawi wa jamii walifika kwenye nyumba ile, wakaandika ripoti, wakaondoka. Mwenye nyumba alikuwa amewahi kufungwa kwa ubakaji miaka ya 1960, lakini rekodi ilishafutwa kwa mujibu wa sheria. Ni watu wangapi walioamini barua kwa sababu aliyeileta alikuwa baba wa familia mwenye nyumba nzuri?

Aliyevunja siri hiyo si jirani wala ndugu. Ilivunjwa pale mmoja wa watoto waliobaki chini ya nyumba, msichana wa miaka 19, alipougua sana akafikishwa hospitali, na madaktari wakasisitiza kwamba lazima mama yake apatikane.

Mama naye anaweza?

Anaweza. Louise Turpin alihukumiwa sawasawa na mumewe mwaka 2019: miaka 25 hadi maisha.

Kuna pia mzazi anayemtengenezea mtoto ugonjwa. Humpa dawa asizohitaji au hubuni dalili ili ampeleke hospitali, na mara nyingi aliyeshtakiwa amekuwa mama. Daktari Roy Meadow wa Uingereza aliueleza ukatili huu mwaka 1977. Lakini mjue na hili: miaka ya baadaye ushahidi wa takwimu alioutoa Meadow huyohuyo mahakamani ulikuwa na kosa kubwa, nao ulichangia mama asiye na hatia kufungwa kwa vifo vya wanawe wawili. Hukumu ilifutwa 2003. Kwa hiyo ukimshuku mama, mpelekee shaka yako daktari wa watoto. Usiitangaze mtaani.

Mbona magazeti husema aliyeua familia yake alikuwa mtu mpole aliyezidiwa na madeni? Si kweli kwamba watu huchanganyikiwa?

Hapa nina ugomvi wa muda mrefu na waandishi wenzangu.

Mwaka 1971, huko New Jersey, Marekani, John List aliwaua mama yake, mkewe na watoto wake watatu kwa siku moja. Alikuwa amepoteza kazi ya benki, na kwa muda mrefu aliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi akiwa amevaa kama mtu aendaye ofisini. Madeni yalikuwepo, sikatai. Lakini tazameni mwendo wa siku yenyewe. Asubuhi aliua mke na mama. Akangoja watoto watoke shule. Mwanawe mkubwa wa kiume alikuwa na mechi ya mpira, naye baba akaenda kuitazama, kisha akamrudisha nyumbani na kumuua. Alishasimamisha maziwa na magazeti yaliyoletwa mlangoni, akaiarifu shule kwamba familia inasafiri. Maiti ziligunduliwa baada ya karibu mwezi mzima. Yeye alikamatwa 1989, akiishi kwa jina lingine na mke mwingine.

Aliyechanganyikiwa hakumbuki kusimamisha maziwa. List alimwandikia mchungaji wake barua ya kueleza kwamba kwa njia hiyo roho zao zimeokoka. Huyu ni mtu aliyejiona mmiliki wa roho tano, mwenye haki ya kuzifunga kama afungavyo hesabu za mwaka. Mwandishi anayeandika "mzigo wa maisha ulimshinda" ameichukua hadithi mdomoni mwa muuaji na kuitangaza kama ilivyo, huku waliokufa hawana wa kuwasemea.

Mzazi wangu alitufanyia mabaya, sasa mzee na mgonjwa. Ndugu wananiambia nimsamehe na nimhudumie.

Msamaha ni wako, na huduma ni jambo jingine. Hao ndugu walikuwa wapi ulipokuwa na miaka 9?

Jirani zetu wana watoto watano. Hatuwaoni nje, hawaendi shule, wazazi wanasema wanasomea nyumbani. Nifanye nini bila kuonekana mbea?

Kaka, acha kwanza hilo neno mbea. Limefunika maovu mengi. Kusomea nyumbani peke yake si dalili, wapo wanaosoma hivyo vizuri kabisa. Lakini ukumbuke kwamba David Turpin aliisajili nyumba yake kuwa shule binafsi, mwalimu mkuu akiwa yeye.

Unachotazama ni mkusanyiko wa mambo: watoto waliokonda, wasiojibu salamu mpaka wamwangalie mzazi, wasiojulikana na daktari wala mwalimu yeyote. Andika tarehe na ulichokiona kwa macho, usiandike ulichokisia. Peleka kwa polisi au ustawi wa jamii, uulize jina la aliyekupokea. Wakikupuuza, rudi. Usimwendee mzazi kumhoji, maana usiku huohuo watoto watalipia maswali yako. Na tafadhali, usirushe picha zao mtandaoni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 19, unaitaka serikali imlinde mtoto dhidi ya ukatili hata wa mzazi wake mwenyewe. Nchi karibu zote zimeuridhia. Hujaingilia ya watu.

Mama na mimi tumeamua kuondoka mwezi huu. Mama anataka kwanza akae na baba waelewane kwa wema. Hajatupiga kamwe. Tumsikilize?

Msifanye hivyo. Nakuomba, mwanangu, soma jibu hili pamoja na mama mahali ambapo baba hayupo.

Julai 2016, katika mji wa Spalding, Uingereza, mama na binti yake wa miaka 19 waliuawa kwa risasi na baba wa nyumba, ambaye kisha alijiua. Walikuwa wametoka kwake siku chache tu kabla. Wana wawili waliobaki wameeleza hadharani kwamba baba yao hakuwa mtu wa kupiga. Alitawala pesa, muda na mienendo ya kila mtu, na kwa kuwa hakukuwa na ngumi, wao wenyewe hawakujua kwamba waliyokuwa wakiyaishi yana jina.

Siku za kuondoka na wiki zinazofuata ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu ndipo mtawala anapogundua kwamba hana tena anachokitawala. Kwa hiyo hakuna kikao cha mwisho, wala barua ya kueleza sababu mezani. Wasilianeni na polisi na watu wa ustawi wa jamii kabla ya siku yenyewe. Ikiwa baba ana silaha, hilo mlitaje kwanza. Vyeti na vitambulisho vitoke mapema, kimoja kimoja, vikae kwa mtu asiyemfahamu. Zimeni huduma ya kuonyesha mahali mlipo kwenye simu, au mziache simu hizo kabisa. Ondokeni akiwa hayupo. Msiende kwa ndugu wa kwanza atakayemfikiria. Na mkishafika, msirudi kuchukua kitu chochote mlichosahau, hata kama yeye mwenyewe amepiga simu kwa sauti ya upole kusema mkichukue.

Niandikie mkiwa mmefika. Usiniambie ni wapi.