Anzia Kenyatta Market, malizia na mutura

Dada, umeuliza umpeleke wapi mgeni wako wa Mombasa Jumamosi akaonje vyakula vya mtaani hapa Nairobi. Mimi ningeanzia Kenyatta Market. Kwingine humo kina dada wanasuka nywele, kwingine ni moshi wa nyama choma tu. Mbuzi anauzwa kwa kilo na kipande unachagua mwenyewe kabla hakijafika motoni, kwa hiyo usione haya kusema, "Hapana, nipe mbavu." Wahi mapema, nyama nzuri haingoji.

Kariokor pia wanachoma vizuri, na jina lenyewe lina uzito: limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwambie mgeni akiwa anakula.

Lakini mutura ndio kitu chenyewe. Huo ni wa jioni, kando ya barabara. Simameni karibu na jiko muone: utumbo uliojazwa nyama na damu unageuzwa juu ya makaa mpaka mafuta yachuruzike, kisha unakatwakatwa kwenye ubao wa mbao, chumvi imerundikwa pembeni, kachumbari ya pilipili iko kando. Mnachovya na kula mkiwa mmesimama. Uwe wa moto kabisa. Ukiwa umepoa, acheni.

Kama mgeni ni Mwislamu, mutura hapana kwa sababu ya ile damu. Mpeleke Eastleigh akale nyama ya ngamia, atakushukuru.