Namna ninavyosoma hataza za kampuni za teknolojia

Kila mchoro wa hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asitumie uvumbuzi wako) ya Apple au Samsung unapozagaa mitandaoni, ndugu na marafiki wanaouza simu hunitumia ujumbe uleule: "Kaka, hiki kitu kinatoka lini? Ninunue mzigo huu au ningoje?" Jibu fupi ni nunua mzigo wako. Jibu refu ndilo makala hii. Nimesoma nyaraka hizi kwa miaka kadhaa katika kazi yangu ya kuandika habari za teknolojia, na naamini zinasema mengi kwa anayejua pa kutazama.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa kawaida Marekani huliweka wazi ombi la hataza miezi 18 baada ya kuwasilishwa mara ya kwanza. Maombi mapya huchapishwa kila Alhamisi, na hataza zilizokubaliwa kila Jumanne. Kwa hiyo habari yenye kichwa "Apple yavumbua kitu kipya" mara nyingi inahusu kazi iliyofanyika mwaka mmoja na nusu nyuma, na kama ni hataza iliyokwisha kukubaliwa, pengine miaka mingi zaidi. Chukua ile ya Apple ya skrini inayotambua vidole vingi kwa wakati mmoja. Iliombwa Mei 2004. Ombi likawekwa wazi Mei 2006. iPhone ikatangazwa tarehe 9 Januari 2007. Hataza yenyewe ilitolewa Februari 2010, simu ikiwa imekwisha kuuzwa duniani kwa zaidi ya miaka miwili. Aliyefuatilia maombi alikuwa na miezi minane ya kujiandaa. Aliyesubiri habari ya hataza kutolewa hakuwa na lolote la kutabiri.

Jambo la pili ni mchoro. Mchoro ndio unaosambaa, lakini wenye nguvu ya kisheria ni madai, zile aya zenye namba zinazokuja mwishoni. Maelezo yanayotangulia huandikwa kwa upana makusudi: wanasheria hutaja simu, saa, kompyuta, gari na kifaa chochote kinachoweza kuingia. Ukikuta neno "gari" kwenye aya ya arobaini, usikimbilie kuandika kwamba kampuni inatengeneza gari. Soma dai la kwanza taratibu, ujiulize: wanataka kumzuia mshindani asifanye nini hasa?

Sasa nifike kwenye kile ninachokithamini kuliko vyote, yaani dalili kwamba bidhaa inatengenezwa kweli, na mfano wake ni Amazon, kwa sababu kampuni hiyohiyo, katika miaka ileile, ilitoa dalili isiyo na maana na dalili ya kweli. Mwaka 2014 iliomba hataza ya ghala la angani: chombo kikubwa kinachoelea kwa gesi kwenye kimo cha futi 45,000 hivi, kimejaa bidhaa, na droni zikishuka kutoka humo kupeleka mizigo kwa wateja. Ilikubaliwa Aprili 2016, na waandishi walipoigundua mwishoni mwa mwaka huo ikazunguka dunia nzima. Ghala hilo halijajengwa.

Lakini Januari 2015 kulikuwa na maombi mengine ya Amazon yaliyowekwa wazi, yasiyo na mchoro wa kusisimua. Yalieleza mahali ambapo mtu anaingia, anatambuliwa mlangoni, anachukua bidhaa kwenye rafu, kisha anatoka bila kupita kwa keshia, na gharama inakatwa kwenye akaunti yake. Kilichonivutia nilipoyasoma ni kero ndogondogo zilizokuwa zikishughulikiwa humo. Kamera isipoweza kutofautisha kama mteja amechukua chupa ya tomato sosi au ya haradali, mfumo ufanyeje? Jibu lililoandikwa: uangalie amewahi kununua nini, na amekwisha kuchukua nini siku hiyo. Uzito uliopungua kwenye rafu nao utumike kuthibitisha. Maswali ya namna hii huulizwa na mhandisi ambaye tayari amepanga rafu, akaweka kamera, na mambo yakamkatalia. Desemba 2016 Amazon ikatangaza duka la Amazon Go mjini Seattle, na tarehe 22 Januari 2018 likafunguliwa kwa umma.

Basi hicho ndicho ninachokushauri utafute: hataza inayohangaika na jambo dogo la kuchosha. Joto linalozidi kwenye bawaba ya simu ya kukunja, vumbi linaloingia chini ya kioo, jasho linaloharibu kipimo cha saa ya mkononi. Zikija kadhaa za aina hiyo, kwa majina yaleyale ya wavumbuzi, ndani ya miaka miwili mitatu, hapo mimi huanza kuamini kwamba kuna watu wanaolipwa kila mwezi kuikamilisha bidhaa.

Fuatilia pia upande wa fedha. Hataza hulinda pale tu ilipoombwa na kukubaliwa, na kila nchi ina gharama zake: mawakala, tafsiri, ada. Kampuni inayopeleka uvumbuzi mmoja Marekani, Ulaya, China, Japani na Korea imeamua kwamba una thamani. Google Patents na Espacenet, tovuti za kutafuta hataza, zote za bure na zinafunguka hata kwenye simu, hukuonyesha familia nzima ya maombi hayo. (Usishtuke ukikosa Kenya au Tanzania humo. Kampuni hizi mara nyingi haziombi hataza kwetu, lakini simu zao zinafika Kariakoo vilevile.) Halafu kuna ada za kuitunza hataza. Marekani hulipwa miaka mitatu na nusu baada ya kutolewa, kisha saba na nusu, kisha kumi na moja na nusu. Hataza ambayo mwenyewe ameacha kuilipia huisha nguvu, na hali hiyo huonekana kwenye ukurasa wake. Mimi huangalia hapo kabla ya kuandika chochote kuhusu hataza ya zamani.

Idadi peke yake haina msaada. IBM iliongoza kwa hataza nyingi zaidi Marekani kila mwaka kuanzia 1993 hadi 2021, na wengi wetu hatujawahi kushika bidhaa yake mpya katika nusu ya pili ya kipindi hicho.

Na hata dalili zikijipanga vizuri, bidhaa inaweza isitoke. Apple ilikuwa na hataza nyingi za magari na kibali cha kujaribu magari yanayojiendesha barabarani California tangu 2017. Februari 2024 vyombo vya habari vikaripoti kwamba mradi umefutwa. Kwa upande mwingine, iliomba hataza ya kifaa cha kuvaa kichwani chenye skrini mbele ya macho mwaka 2006, na Vision Pro ikaanza kuuzwa Februari 2024. Ndiyo maana siandiki kamwe mwaka ambao bidhaa itatoka kwa kutegemea hataza tu, na nakusihi usifungie mtaji wako kwa ajili yake. Hataza ikuonyeshe mwelekeo. Tarehe utazipata kwa wasambazaji wa vipuri na kwenye usajili wa vifaa kwa mamlaka za mawasiliano.

La mwisho, na ndilo linalosahauliwa sana: usitafute kwa jina la kampuni kubwa tu. Kazi ya vidole vingi kwenye iPhone ilikuwa na mizizi kwa FingerWorks, kampuni ndogo ya Delaware ambayo Apple iliinunua mwaka 2005. Hataza ya waasisi wake, Wayne Westerman na John Elias, ilikuwa wazi kwa kila mtu tangu 2001. AuthenTec, kampuni ya vitambua alama za vidole, nayo Apple iliinunua 2012, na kitambua alama za vidole kikaja kwenye iPhone 5s mwaka uliofuata. PrimeSense, kampuni ya kamera zinazopima umbali, ikanunuliwa na Apple 2013, na iPhone X ya 2017 ikaja na kamera inayosoma umbo la uso. Kwa hiyo ukisikia kampuni kubwa imenunua kampuni usiyoijua, nenda Google Patents siku hiyohiyo. Weka jina la ile ndogo kwenye sehemu ya mmiliki, soma hataza zake zote, halafu andika pembeni majina ya wavumbuzi. Kila baada ya miezi michache yatafute tena majina hayo, uone wanaomba nini chini ya mwajiri wao mpya.