Kusaini Mkataba wa Ottawa si kutegua mabomu

Ndugu, umeuliza kama nchi ikishaingia kwenye Mkataba wa Ottawa, ule wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, inakuwa salama papo hapo. Hapana. Kuingia kunaanza kuhesabu vipindi viwili: miaka 4 ya kuteketeza mabomu yaliyo ghalani, na miaka 10 ya kuondoa yaliyokwisha fukiwa. Ya ghalani ndiyo rahisi, unayaona na unayahesabu. Kazi ni yale ya porini.

Angalia Msumbiji. Walisaini Desemba 1997, wakaridhia 1998, na mkutano wa kwanza wa nchi wanachama ukafanyika kwao Maputo 1999. Hata hivyo miaka 10 haikutosha, wakaomba kuongezewa muda, na tangazo la kumaliza likatoka Septemba 2015. Ramani za kutegemewa zilikuwa chache, kwa hiyo eneo lililodhaniwa kuwa na mabomu lilipekuliwa hatua kwa hatua, kwa mashine, kwa mbwa, na (hapa Watanzania tujidai kidogo) kwa panya buku waliofundishwa Morogoro, pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), kunusa baruti. Panya ni mwepesi, hata akikanyaga bomu halilipuki.

Halafu mkataba unahusu mabomu yaliyotengenezwa yalipuke mtu anapoyakanyaga, kuyagusa au kuyakaribia. Yale ya kulipua magari na vifaru hayamo, jambo ambalo mimi naliona ni pengo kubwa, maana basi la abiria nalo ni gari.