Maswali ya Wasomaji: Sinki Halishuki, Chemba Zimejaa

Sinki la jikoni linaziba kila baada ya siku chache. Nimemwaga maji ya moto, nikaweka magadi na siki, povu likapanda vizuri, maji yakashuka. Siku ya tatu limerudi palepale. Nifanyeje? – Mama wa watoto wanne, Kisasa, Dodoma

Mama, pole na kazi. Povu lile linapendeza macho tu. Magadi na siki vikikutana vinauana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Maji ya moto yanayeyusha mafuta yaliyo karibu na tundu, yanayasogeza mbele mita moja au mbili, kisha mafuta yanapoa na kuganda tena huko ndani ambako mkono haufiki. Ndiyo maana sinki linapona siku mbili na kuugua ya tatu.

Jiko la Dodoma lina mambo matatu yanayosaidiana kuziba bomba. La kwanza ni mafuta ya mbuzi na ng'ombe, ambayo huganda upesi, hasa baridi ya Juni na Julai. La pili ni maji yetu ya visima, ambayo ni magumu: chokaa ile ile inayoota ukoko mweupe ndani ya birika inashikana na sabuni na kufanya utando unaonata ukutani mwa bomba. La tatu ni mchanga au jivu la kusugulia masufuria. Vikilala pamoja vinakuwa gumu kama lipu, na kitu cha namna hiyo hakiyeyushwi. Kinatolewa.

Weka ndoo chini ya trapu, ule mpindo wenye maji ulio chini ya sinki. Fungua nati zake mbili za plastiki kwa mkono. Zikikaza, zungushia kitambaa ndipo ushike na spana, usije ukazipasua. Mwaga uchafu kwenye ndoo, kisha sugua ndani ya trapu kwa brashi ya chupa na sabuni. Kabla ya kuirudisha, angalia washa za mpira, zile pete zinazokaa ndani ya nati. Upande uliochongoka unaelekea ndani ya kiungo, upande bapa unakaa kwenye nati. Ukiigeuza itavuja hata ukaze vipi, na tepu nyeupe haitakusaidia, kwa sababu kinachozuia maji hapo ni washa, siyo uzi wa nati.

Mara nyingi kazi inaishia hapo. Ila kama trapu ni safi, kizibo kiko kwenye bomba linaloingia ukutani. Nunua springi ya kuzibulia ya mita 5 dukani kwa vifaa vya bomba. Iingize hapo ulipotoa trapu, siyo juu kwenye tundu la sinki, maana kwenye mpindo inakwama na kukudanganya kwamba umefika kwenye kizibo. Sukuma taratibu huku ukizungusha mpini kuelekea upande mmoja tu. Ikigoma, usiilazimishe: zungusha papo hapo hadi usikie imeng'ata, kisha ivute nje na uchafu wake. Ifute, uirudishe, mara tatu au nne, hadi itoke safi.

Sasa rudisha trapu, ndipo maji ya moto yana kazi. Changanya lita 5 za maji yaliyochemka na lita 5 za baridi, weka sabuni ya vyombo, mwaga kwa mkupuo mmoja. Usimwage yanayochemka yenyewe. Bomba la PVC linalainika kwa joto hilo, linabonyea, na mahali lilipobonyea panakuwa dimbwi la kukusanya mafuta miaka yote.

Kuanzia leo futa sufuria yenye mafuta kwa karatasi kabla ya kuiosha, ukoko wa ugali uende kwa kuku, na mchanga wa kusugulia umwagwe nje. Weka pia kichujio cha waya kwenye tundu.

Shikamooni. Tukiflashi choo, maji machafu yanapanda bafuni kupitia tundu la sakafuni. Fundi anataka kuvunja vigae. – Kijana mpangaji, Nkuhungu

Marahaba, mwanetu. Mwambie fundi aweke nyundo chini kwanza. Choo na bafu vikisumbua kwa pamoja, kizibo hakiko bafuni. Kiko mbele, mahali maji ya vyote viwili yanapokutana, kwenye bomba kubwa la inchi 4 au kwenye chemba za nje, yale mashimo madogo yenye mifuniko ambamo bomba la maji machafu hupitia. Acheni kutumia maji ndani, kisha fungueni mifuniko ya chemba moja moja kuanzia iliyo karibu na nyumba.

Chemba ya kwanza ikiwa imejaa na ya pili ni kavu, kizibo kiko katikati ya hizo mbili. Zote zikiwa kavu, kiko kati ya nyumba na chemba ya kwanza. Zote zikijaa mpaka ya mwisho, tatizo ni shimo la maji taka.

Kwa kizibo cha katikati, tumia fito za plastiki zinazoungana kwa kukazwa kama skrubu. Ingiza kutoka chemba kavu kwenda ile iliyojaa, ukisimama pembeni ya tundu, kwa sababu kikiachia maji yatakuja kwa nguvu. Zungusha fito kulia wakati wote, hata unapozivuta. Ukizungusha kushoto zinafunguka na kubaki ndani, na hapo kweli mtavunja. Kwenye tundu la kutokea la chemba kavu weka wavu wa waya, uzuie matambara, pedi na nepi visiende kuziba mbele. Viokote kwa koleo, kisha mwaga ndoo tatu au nne za maji kwa pamoja.

Chemba ikiziba tena palepale ndani ya miezi michache, pimeni mteremko. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Likilala bapa au likizama katikati, hakuna fito itakayolitibu. Kipande hicho kifukuliwe na kulazwa upya. Gharama hiyo ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji.

Zote zikiwa zimejaa, itwe gari la maji taka. Asishuke mtu shimoni, na asiwashe kiberiti kuchungulia. Hewa ya mle inaua kwa pumzi chache, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa wa kwanza naye hatoki.

Tulifunga nyumba likizo nzima. Tumerudi, bafu lote linanuka shimo, lakini maji yanashuka vizuri. – Iyumbu

Hakuna kilichoziba. Maji ya kwenye trapu ya sakafuni yamekauka, na ukavu wa hewa ya Dodoma unayamaliza haraka. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu. Mwaga lita 2 kwenye kila tundu. Mkisafiri tena, malizieni na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti juu ya maji, yakawie kukauka.

Nimemwaga kostiki soda kopo zima kwenye sinki lililoziba. Maji yamesimama mpaka sasa. Niongeze Jiki au asidi ya choo? – Kongwa

Usiongeze chochote! Asidi ikikutana na kostiki inachemka na kukurukia usoni. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Usitumie pia kile kikombe cha mpira cha kuzibulia, maana kitarusha maji hayo juu.

Fungua madirisha, watoto watoke jikoni. Vaa glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vya kufunika. Chota maji yaliyosimama kidogo kidogo kwa kopo la plastiki, siyo la alumini, kwa kuwa kostiki inaila alumini na kutoa gesi inayowaka. Yamwage kwenye ndoo ya plastiki iliyokwisha kuwekwa maji mengi ya baridi. Kisha fungua trapu juu ya ndoo nyingine, ukijua kwamba yaliyomo ndani nayo ni kostiki. Utaweza kukuta kipande cheupe kigumu: ni mafuta yaliyogeuka sabuni, nayo yanaziba kuliko yalivyokuwa mwanzo. Kitoe kwa waya.

Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Ikiingia jichoni, osha bila kukoma kwa dakika 20, kisha hospitali mara moja, hata kama maumivu yametulia.