Maji yanapaa, chumvi inabaki

Wadogo zetu wa Arusha na Moshi mnaofuga samaki wa bahari na matumbawe kwenye matangi ya nyumbani, simu zenu za saa nne usiku tumezizoea. "Kaka, matumbawe yamejikunja toka juzi." Swali letu ni lile lile: umejazia maji gani? Na jibu, jamani, ni lile lile: ya chumvi.

1. Maji ya kuchanganyia chumvi yapite RO/DI (kichujio kinachoondoa karibu kila kilichoyeyuka) mpaka TDS, yaani kipimo cha vilivyoyeyuka majini, isome 0. Kuchemsha ya bomba si dawa: floridi ya huku Meru haiondoki na mvuke, na maji yakipungua inazidi. Meno yetu ni ushahidi tosha.

2. Kujazia, yaani kufidia maji yaliyopaa. Hapa ndipo mnapotumaliza. Tangi la lita 200 lenye chumvi 35 kwa elfu lina takriban kilo 7 za chumvi. Julai Arusha, hita inashikilia nyuzi 25 huku sebuleni watu wamevaa masweta, maji yanapaa usiku kucha. Chukulia lita 3 kwa siku. Yanayopaa ni maji matupu. Sasa mgeni wa kazi hii anasikia pampu ya sampu (tangi dogo la chini) inakoroma kwa maji kupungua, anachota maji ya chumvi aliyobakiza Jumapili, anamimina, anajiona fundi. Hapo kaongeza gramu 105 za chumvi. Siku kumi, kilo moja na ushee. Tangi limefika 40. Samaki bado wanakula, ndiyo maana hashtuki, ila konokono wameganda kwenye kioo na matumbawe laini yamenywea kama mchicha wa juzi.

Jazia RO/DI tupu, kila siku, hadi mstari uliouchora kwa makapeni kwenye sampu. Ukishafika 40, usishushe kwa mkupuo, utaua ulichotaka kuokoa: toa lita 5 za tangi, rudisha lita 5 za RO/DI, kesho tena, siku tano au sita. Refraktomita, kile kipima chumvi, irekebishwe kwa kimiminika maalumu cha chumvi 35, maana ukiiweka sawa kwa maji matupu inaweza kukudanganya ikifika kwenye 35.

3. Chumvi ya mezani hapana. Ya mawe pia hapana. Hazina kalisi wala magnesi ya kutosha.

4. Amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangi jipya, zisome 0 kabla ya samaki wa kwanza. Subiri wiki 4 hadi 6. Ndiyo, wiki.

5. Umeme. Arusha iko mita 1,400 hivi, hewa nyepesi, na maji yanabeba oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko Tanga. Pampu zikizima, samaki wanaanza kuhemea juu mapema. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, jiwe lake la kutoa viputo likae ndani ya tangi tayari. Moshi mko chini kidogo, lakini joto la Februari linawarudisha pale pale: maji yakivuka nyuzi 28, elekeza feni juu ya sampu. Feni nayo inakausha maji haraka kuliko hita, kwa hiyo rudini namba 2.