Maswali ya Wasomaji: Pistoni, springi na bafa, nani anayekupiga bega?

Mzee wa vyuma shikamoo. Mi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya fomu siksi, tukalenga shabaha na SMG. Juzi binamu yangu aliyeko Marekani kanitumia video anapiga AR-15 ya pistoni, anasema pistoni inapunguza teke. Sasa mbona SMG yetu ina pistoni na bega liliniuma siku nzima? Na hiyo bafa anayoitaja ni kitu gani, mbona tulivyofungua bunduki hatukuiona? – Kijana wa Dodoma

Marahaba kijana wangu. Binamu yako usigombane naye, kachanganya tu vitu viwili, na wengi wanachanganya hivyo hivyo.

Teke linaanzia kwenye risasi, sio kwenye pistoni (kile chuma kinachosukumwa na gesi ya baruti ili bunduki ijipakie yenyewe). Risasi ya SMG (yaani AK, sisi huku tumezoea kuiita SMG) ni 7.62x39, kichwa chake kina gramu 8 hivi na kinatoka kwa mita kama 715 kwa sekunde. Ya binamu yako ni 5.56, gramu 4 tu ila inakimbia mita 900 na ushee. Zidisha uzito kwa mwendo uone, ya kwanza inakupa 5.7 na ya pili haifiki hata 4, hapo bado hujahesabu baruti iliyogeuka gesi ikatoka mdomoni. Hicho kiasi lazima kirudi nyuma kwenye bunduki, iwe na pistoni isiwe na pistoni, hakuna fundi wa kukifuta. Kinachobaki ni bunduki ina uzito gani na hicho kiasi kinafika begani kwa mpigo mmoja au kinagawanywa.

Na hapo kwenye kugawanywa ndio utamu wenyewe. Ukifyatua, bega linapokea zaidi ya pigo moja, ingawa wewe unasikia kama moja. La kwanza ni risasi inatoka. La pili ni kile chuma kinachobeba bolti (bolti ndio inayoziba nyuma ya risasi wakati wa kufyatua) kikifika mwisho wa safari yake nyuma kinagonga. Halafu kinarudi mbele kwa nguvu ya springi, kinapakia risasi nyingine, kinafunga chemba, na hapo bunduki inavutwa mbele kidogo, mdomo unainama.

Kwenye SMG pistoni imeshikana na kibeba bolti, ni kipande kimoja kirefu, wewe mwenyewe ulikitoa ukakisafisha utakuwa unakikumbuka. Ukijumlisha na bolti inafika kama nusu kilo, yote inakwenda nyuma na kurudi mbele kila risasi, na waliounda waliipa gesi ya kutosha na ziada ili hata ikiwa na mchanga na masizi isigome. Ndio sababu haigomi, na ndio sababu hiyo nusu kilo inafika nyuma bado ina hasira, inagonga chuma kwa chuma. Springi yake iko humo humo ndani chini ya kile kifuniko cha juu, imeingia kwenye tundu la kibeba bolti, haihitaji kuingia kwenye kitako. Kwa hiyo bafa hukuiona kwa sababu haipo, na ndio maana SMG za kitako cha kukunja unaweza kukunja na ukapiga vizuri tu.

AR-15 ya kawaida haina pistoni ya namna hiyo, gesi inapita kwenye kimrija hadi ndani ya kibeba bolti chenyewe. Kibeba bolti kinarudi nyuma mpaka ndani ya bomba lililoko kwenye kitako, humo kuna springi na mbele ya springi kuna bafa. Bafa ni kipande cha chuma cha mviringo, zile za bunduki fupi zinaanzia gramu 85 hivi mpaka 150 na kitu, unachagua uzito kulingana na gesi unayopata. Kazi yake kubwa watu hawaijui, wanadhani ni mto wa bega. Ukiitikisa karibu na sikio inalia kwa sababu ndani kuna vipande vya uzito vimeachwa vilegee, bolti ikifunga mbele ingetaka kudunda irudi nyuma, vile vipande vinafika nyuma yake kwa kuchelewa kidogo sana, vinaikandamiza itulie.

Sasa AR ya pistoni kama HK416 (Norway waliichukua 2007, Ufaransa 2016) ina pistoni fupi. Pistoni fupi inafanya kama fimbo ya pool, inagonga halafu yenyewe inasimama, mpira ndio unakwenda. Pistoni yenyewe haisafiri na kibeba bolti mpaka nyuma kama ya SMG. Lakini bomba na bafa vimebaki vile vile, na pistoni inasukuma kwa juu, sio katikati, kwa hiyo kibeba bolti kinataka kuinamisha mkia wake na kukwaruza mlango wa bomba la bafa. Hili liliwasumbua sana waliobandika pistoni kwenye AR za awali, mpaka watengenezaji wakabadilisha umbo la mkia wa kibeba bolti usikwaruze. Faida ya pistoni hapo ni moshi na masizi kubaki mbele, ndani kunakuwa safi na pa baridi zaidi. Teke? Mara nyingi AR ya pistoni ni nzito mbele, na ukiniuliza mimi, ulaini wa kwenye video unatokana na 5.56 na huo uzito, sio pistoni.

Mzee salamu kutoka Nakuru. Nilikuwa askari na G3 nimeibeba mpaka nikastaafu. Vijana wananibishia eti ina pistoni kama FAL, ile bunduki ya Wabelgiji. Nani mkweli? – Afande mstaafu

Afande wewe ndio mkweli, waambie wafungue waone. G3 haina pistoni wala tundu la gesi kwenye mtutu, bolti inacheleweshwa na roli mbili za pembeni, basi. Na ile kitu huwa inatupa maganda mbali mpaka jirani anakasirika.

FAL ndio ya pistoni fupi, na ina kitufe cha kupimia gesi, unaongeza au unapunguza, ukipunguza vizuri inapiga taratibu kabisa kwa risasi kubwa kama 7.62x51. Springi zake ziko ndani ya kitako, kibeba bolti kina fimbo nyembamba kwa nyuma kama mkia wa panya inayozisukuma. Walipotaka ya kukunja kitako kwa ajili ya askari wa miamvuli ikabidi wahamishe springi ziende juu, chini ya kifuniko. AR-18 ya miaka ya 1960 iliwahi kulimaliza hilo kwa springi mbili ndani ya bodi, na bunduki nyingi za leo zimeiga humo, G36 ya Ujerumani kwa mfano.

Kuna bunduki isiyo na teke kabisa? – Msomaji, Tanga

Hakuna. Ila zipo zilizosogea karibu. Ultimax 100 ya Singapore wameipa bolti safari ndefu kiasi kwamba springi inamaliza nguvu yote kabla haijagonga nyuma, kwa hiyo lile pigo la pili nililolisema juu linapotea, unasikia msukumo mmoja mpole unaoendelea. Warusi kwenye AEK-971 na AK-107 wakapita njia nyingine, gesi inasukuma uzito mwingine uende mbele wakati bolti inakwenda nyuma, vimeunganishwa kwa gia ili vifike kwa pamoja na kufutana. Inafanya kazi kweli ukipiga mfululizo, mdomo unatulia, lakini risasi yenyewe inapotoka bado inakusukuma, na vipande vya kusafisha vinaongezeka, ndio maana askari wengi wa Urusi bado wanabeba AK ya kawaida.